Matatu Likigonga, Ni Nini Kitakachokusimamisha Wewe?

Majuzi nililetewa mtoto wa miaka minne akiwa amebebwa na nyanya yake. Walikuwa safarini kutoka Malindi kwenda Kilifi, na nyanya alikuwa amempakata mjukuu ili asilipe nauli ya kiti cha pili. Matatu iligonga lori kwa nyuma, na mtoto akarushwa tumbo likapiga chuma cha kiti cha mbele.

Mtoto hakuwa na jeraha hata moja. "Daktari, nilimshika kwa mikono miwili," nyanya alirudia kuniambia. Lakini midomo ya mtoto ilikuwa imepauka na moyo ulikuwa ukienda mbio. Wengu ulikuwa umepasuka, damu ikivujia tumboni. Tulimkimbiza hospitalini, akaongezwa damu, na kwa rehema za Mungu akapona.

Je, nyanya alikosa nguvu au mapenzi? La. Alishindana na kanuni isiyoshindwa na mikono ya mtu.

Mwaka 1687, mtaalamu wa Uingereza, Isaac Newton, alieleza kwamba kitu kilicho mwendoni huendelea na mwendo ule ule, kikienda moja kwa moja, mpaka kani ikizuie. Kani ni msukumo au mvuto. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, nawe unaenda kilomita 80 ingawa umeketi. Gari likigonga, kilichosimamishwa ni gari. Wewe bado unasafiri.

Migongano mitatu

Sisi madaktari huhesabu migongano mitatu katika ajali moja. Kwanza, gari hugonga kitu. Pili, mwili hugonga kiti, dirisha au abiria mwenzako. Tatu, viungo vya ndani, ambavyo navyo vilikuwa mwendoni, hujigonga ndani ya mwili: ubongo kwenye fuvu, na ini na wengu huvutika hadi kuchanika. Ndiyo sababu mtu aweza kutembea baada ya ajali, kisha akazirai nyumbani.

Pima kasi kwa mnazi

Wakazi wa Kilifi wanaijua hatari ya mgema kuanguka kutoka mnazini. Basi linganisha hivi: kugonga ukuta kwa kilomita 40 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa mita 6 hivi. Kwa kilomita 80 ni sawa na kuanguka kutoka mita 25, yaani kilele cha mnazi mrefu sana. Kasi imeongezeka mara mbili, lakini pigo limekuwa mara nne. Abiria anayemhimiza dereva "kanyaga mafuta" anapanda mnazi bila kujua.

Kazi ya mkanda

Ukidaka embe lililorushwa, mikono yako hurudi nyuma kidogo ili lisikuumize. Kadiri kitu kinavyosimamishwa katika nafasi ndefu zaidi, ndivyo kani inavyopungua. Mkanda hukufunga kwenye gari, nawe ukasimama pamoja nalo huku bodi yake ikibonyea. Asiye na mkanda husimamishwa ghafla na chuma, katika nafasi ya sentimita chache.

Sasa tumrudie mtoto wetu. Mtoto wa kilo 16, gari likisimama kwa kugonga kutoka kilomita 50 kwa saa katika nafasi ya nusu mita, humvuta anayemshika kwa uzito wa kilo 300 na zaidi. Hayo ni magunia matatu ya mahindi. Nani awezaye kuyazuia kwa mikono?

Tangu mwaka 2004, kanuni ambazo wananchi waliziita Sheria za Michuki zimetaka matatu ziwe na mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Shirika la Afya Duniani linasema mkanda waweza kupunguza hatari ya kifo kwa abiria hadi kufikia nusu.

Ufanye nini?

1. Funga mkanda hata kama safari ni ya kutoka Mtwapa hadi Kilifi tu. Uupitishe juu ya mifupa ya nyonga, si tumboni. Mama mjamzito aupitishe chini ya tumbo.

2. Mlipie mtoto kiti chake. Usimfunge pamoja nawe katika mkanda mmoja, kwani mwili wako utamkandamiza.

3. Kwenye bodaboda, vaa kofia ngumu na ufunge kamba yake. Kofia isiyofungwa huruka kabla yako.

4. Wakati wa mvua, au barabara ikiwa na mchanga, msuguano wa magurudumu hupungua na gari huchelewa kusimama. Mwambie dereva apunguze mwendo.

5. Baada ya ajali, nenda hospitali upesi ukiona maumivu ya tumbo, alama ya mkanda tumboni, weupe wa midomo, kutapika, usingizi usio wa kawaida, au maji yakitoka puani au masikioni. Usingoje jeraha lionekane.

Nyanya yule sasa humlipia mjukuu kiti chake. Aliniambia nauli hiyo ni ndogo kuliko usiku mmoja wa kukesha wodini. Nami sina la kuongeza.