Uhandisi: Moi au Masinde Muliro?

Swali: Mzazi wa Kitale ana binti aliyemaliza kidato cha nne na anayetaka uhandisi wa mitambo. Mjomba wa Bungoma anamsifia Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Kakamega; baba anashikilia Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret. Binti amsikilize nani?

Jibu: Wamsikilize binti kwanza, kisha wafungue orodha ya Bodi ya Wahandisi wa Kenya. Chini ya Sheria ya Wahandisi ya 2011, bodi huidhinisha kozi mojamoja, wala si chuo kizima. Chuo chaweza kuvuma na bado kozi fulani ikawa haijapita, na mhitimu akakwama kwenye usajili baada ya miaka 5 ya karo.

Kozi zikiwa kwenye orodha, watazame pia viwanda vya kujifunzia. Moi, kilichoanzishwa 1984, kilinunua kiwanda cha nguo cha Rivatex mwaka 2007. Masinde Muliro, chuo kikuu kamili tangu 2007, kimezungukwa na nchi ya miwa, na boila za kiwanda cha sukari kama Nzoia, Bungoma, ni darasa tosha kwa mtu wa mitambo.

Lakini binti asiamue akiwa nyumbani. Aende karakana za vyuo vyote viwili, ainame chini ya mashine ya kukereza. Akikuta mabaki ya chuma yaliyojikunja, bado yanang'aa, ajue wanafunzi wanaitumia mashine hiyo. Ikiwa imefunikwa turubai lenye vumbi, aulize ilinguruma lini mara ya mwisho.