Dakika za Kwanza chini ya Theluji

Mtelezaji anayefukiwa na maporomoko ya theluji katika milima ya Alpi aghalabu hauawi na baridi. Hufa kwa kukosa hewa. Unyevu wa pumzi yake huganda mbele ya uso na kuizuia hewa kupita, huku hewa ukaa ikijilimbikiza. Takwimu za Uswisi zilizochapishwa mwaka 1994 zilionyesha kuwa, miongoni mwa waliofukiwa kabisa, takriban 9 kati ya 10 walikuwa hai dakika ya 15. Dakika ya 35, 3 tu. Ni nadra helikopta kuwahi. Tabibu wa kwanza, basi, ni msafiri mwenzake aliyebeba kifaa cha redio cha kutafutia, fimbo ya kuchomea theluji na sepetu. Afukuapo, atangulize uso na kusafisha kinywa. Ikiwa moyo umesimama, ampulizie pumzi 5 kabla ya kukandamiza kifua.