Mimba ya Ngapi? Maswali ya Mkunga na Sababu Zake

Mazungumzo haya yanajulikana katika kliniki yoyote ya wajawazito:

"Mama, hii ni mimba yako ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Una watoto wangapi?"

"Wawili."

Hesabu inakubali, na foleni nje ni ndefu. Hata hivyo mkunga mzoefu haandiki bado. Anauliza tena, taratibu: "Kuna yoyote iliyotoka? Au mtoto aliyezaliwa akawa amefariki?" Mama anainamisha macho. Ipo iliyoharibika ikiwa na miezi mitatu, na kuna mtoto wa kiume aliyezaliwa tayari ameshafariki. Kumbe hii ni mimba ya tano.

Kwa nini mnanikumbusha waliokwisha kuondoka?

Kwa sababu kizazi kinawakumbuka. Mimba ya ngapi, umezaa mara ngapi, zilizoharibika na watoto walio hai ni maswali manne tofauti, na kila moja lina kazi yake. Mama wetu ana mimba ya tano, amezaa mara tatu, moja iliharibika, na watoto hai ni wawili. Pacha huhesabiwa uzazi mmoja. Mtoto aliyefia tumboni humfanya mkunga aulize kama mama alikuwa na presha, kisukari au kaswende, mambo yanayoweza kujirudia yasipotafutwa mapema. Hata mimba iliyotoka ina uzito: mama mwenye damu ya kundi hasi huenda akahitaji sindano ndani ya saa 72 baada ya mimba kutoka au baada ya kujifungua, ili mwili wake usije ukashambulia damu ya mtoto atakayefuata.

Swali hili linauma, nalo linastahili kuulizwa kwa sauti ya chini na mlango ukiwa umefungwa. Mhudumu anayeliuliza kwa kupaza sauti mbele ya benchi la wagonjwa anakosea, na mama ana haki ya kumwomba wazungumze faragha.

Tarehe ya hedhi siikumbuki. Nitaje yoyote tu?

Hapana. Kinachotakiwa ni siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Mkunga huongeza siku saba, kisha hurudi nyuma miezi mitatu: hedhi iliyoanza tarehe 10 Machi huleta makadirio ya kujifungua tarehe 17 Desemba. Tarehe ya kubuni huvuruga yote yanayofuata, hadi mtoto aliyetimiza miezi yake akaonekana njiti, au aliyepitiliza akaonekana bado. Afadhali useme "ilikuwa wiki moja kabla ya Idi" au "shule zilikuwa zimefungwa". Mkunga atatafuta siku hiyo kwenye kalenda. Sema pia kama ulikuwa unanyonyesha au unatumia sindano ya uzazi wa mpango, maana hapo hedhi huwa si ya kutegemewa, na kipimo cha picha kikifanywa mapema husaidia zaidi.

Mume wangu hajui kuhusu mimba ya zamani.

Basi iseme mkiwa wawili tu, wewe na mkunga. Unaweza kuomba mume, mama mkwe au wifi asubiri nje. Mwambie pia mkunga kwamba ni siri, ili ajue namna ya kuiandika kwenye kadi unayorudi nayo nyumbani. Chumba hichohicho ndicho cha kusema kama unapigwa.

Mimi si mjamzito, tumbo tu linaniuma. Hedhi inahusu nini?

Inahusu sana. Maumivu ya chini ya tumbo kwa mwanamke aliyepitiliza siku zake yanaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi, na hiyo huua kwa kuvuja damu ndani kwa ndani. Vilevile usione haya kutaja damu inayotoka baada ya tendo la ndoa, au iliyorudi baada ya hedhi kukoma. Hiyo inahitaji uchunguzi wa shingo ya kizazi na wa kizazi chenyewe.

Majibu yangu yanakwenda wapi?

Turudi kwa yule mama. Usiku mmoja damu inamtoka, na mkunga wa zahanati anampigia simu daktari wa hospitali: "Nina mama wa miaka 31, mimba ya tano, amezaa mara tatu, moja iliharibika, watoto hai wawili. Ana wiki 34. Uzazi wa mwisho alifanyiwa upasuaji, akaongezewa damu. Leo anatoka damu bila maumivu."

Hayo yanasemwa kwa nusu dakika. Kovu la upasuaji na damu isiyo na maumivu humfanya daktari ashuku kwamba kondo la nyuma limeziba njia. Kabla gari halijafika, damu ya kundi lake inatafutwa na chumba cha upasuaji kinaandaliwa. Wote watakaompokea wameshaambiwa asipimwe njia kwa vidole mpaka picha ionyeshe kondo limekaa wapi.