Jumamosi ya Nguruwe wa Shaba

Wadogo zangu wa Minneapolis na St. Paul, meseji zenu nimezisoma zote. Nyingi zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: wenzangu wa bwenini wananialika mechi ya Minnesota na Iowa, mchezo wenyewe siujui, tiketi ni ghali, niende au nibaki? Mmoja wenu ameongeza swali ambalo naona limejificha nyuma ya mengine yote. Anauliza kama pale uwanjani kutakuwa na mtu kama yeye, au atakaa peke yake kama mgeni aliyekosea mlango.

Nenda, mdogo wangu. Ila usiende mikono mitupu. Kuna habari ambayo wengi watakaokaa karibu nawe wanaijua nusu tu, na ukiijua yote utaingia pale kifua mbele.

Tuanze na mchezo wenyewe, futiboli ya Kimarekani. Wale mliosoma Kenya mmekwisha kuona raga, hivyo nusu ya kazi imefanyika. Mpira ni yai lile lile, watu wanagongana vile vile, ila hapa mchezo unasimama kila mtu anapoangushwa. Timu yenye mpira ina nafasi nne za kusogea yadi kumi. Ikifika, inahesabiwa upya nafasi nne nyingine. Ikiona haitafika, nafasi ya nne huitumia kuupiga mpira teke la mbali ili wapinzani waanzie nyuma kabisa. Ukiingia na mpira kwenye eneo la mwisho ni pointi 6, na teke dogo baada ya hapo huongeza 1. Ukishindwa kuingia lakini ukaupitisha mpira kwa teke kati ya nguzo mbili, unapata 3. Robo nne za dakika 15, lakini saa inasimamishwa mara kwa mara, kwa hiyo jipangie zaidi ya saa tatu. Hayo yanatosha kwa siku ya kwanza. Mengine muulize aliyekaa kando yako. Mmarekani akiulizwa habari za mchezo huu hufurahi kama umemsifia mtoto wake.

Sasa nguruwe. Minnesota na Iowa ni timu za vyuo vikuu za ligi ya Big Ten, walianza kucheza wao kwa wao mwaka 1891, na kila mwaka anayeshinda huondoka na sanamu la nguruwe la shaba liitwalo Floyd of Rosedale. Lina urefu wa sentimita 53 hivi na uzito wa kilo 44. Mechi ikiisha, utaona vijana wakubwa wenye miraba minne wanakimbia kama watoto kwenda kumbeba nguruwe huyo. Wenzako wa bwenini, mwalimu wako, dereva wa basi, kila mtu atakusimulia kwamba magavana wawili waliwekeana dau la nguruwe, basi. Hiyo ndiyo nusu wanayoijua.

Nusu ya pili inaanza mwaka 1934. Iowa ilikuwa na mkimbiaji kijana Mweusi kutoka Texas, Ozzie Simmons. Zama hizo vyuo vingi havikumruhusu mtu Mweusi hata kugusa jezi, na pale alipokubaliwa alikuwa mmoja au wawili kati ya timu nzima. Simmons alikuwa na mbio na chenga za kusisimua. Minnesota ilipokwenda Iowa City mwaka ule, walimkamia. Alipigwa hata mpira ukiwa umeshasimama, akaumia, akatolewa nje. Minnesota ilishinda 48 kwa 12 na ikamaliza mwaka kama bingwa wa taifa. Watu wa Iowa hawakusahau, na waliamini kwamba rangi ya Simmons ilikuwa sehemu ya sababu ya kipigo kile.

Mwaka uliofuata mechi ilikuwa huko huko Iowa City. Siku chache kabla, gavana wa Iowa, Clyde Herring, alisema hadharani kwamba waamuzi wakiachia ukatili kama wa mwaka uliopita, mashabiki hawatauvumilia. Kauli ile iliwasha moto. Kocha wa Minnesota, Bernie Bierman, akataka ulinzi wa polisi. Hapo ndipo gavana wa Minnesota, Floyd Olson, alipotuma simu ya maandishi kwa mwenzake ya kupoza hasira: tuwekeane dau la nguruwe, atakayeshindwa ampeleke kwa mwenzake. Herring akakubali. Mechi ikachezwa bila ukatili ule, Minnesota ikashinda 13 kwa 6, na Herring akamtoa nguruwe mzima mzima kutoka shamba la Rosedale karibu na Fort Dodge, akampeleka hadi St. Paul. Walimwita Floyd, jina la Olson mwenyewe. Olson akaagiza litengenezwe sanamu, na hilo ndilo linalogombewa mpaka leo.

Unaona sasa? Yule nguruwe yupo kwa sababu ya mwili wa kijana Mweusi ulioumizwa. Dau la magavana lilizima hasira ya umma, na hilo lilikuwa jambo jema, lakini kila hadithi inapofupishwa, jina la kwanza kudondoka ni la Simmons. Mimi nataka wewe usilidondoshe. Rafiki zako wakianza kukueleza habari za magavana, wasikilize kwa heshima, halafu waulize: na Ozzie Simmons je? Kisha waeleze. Waambie pia kwamba alipomaliza Iowa mlango wa ligi kuu ya kulipwa ulikuwa umefungwa, kwa kuwa NFL haikuwa na mchezaji Mweusi hata mmoja kuanzia 1934 hadi 1945. Alikuja kuwa mwalimu katika shule za umma za Chicago, kazi aliyoifanya kwa miaka mingi. Alifariki mwaka 2001.

Na bado sijafika kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote. Novemba 1960, Iowa ilikuja Minneapolis ikiwa namba moja nchi nzima. Nafasi ya mtu anayeongoza mashambulizi, ile wanayoiita kotabeki, ndiyo nafasi ambayo Marekani ilisita kwa muda mrefu kumpa mtu Mweusi, kwa dhana mbaya kwamba hawezi kufikiri wala kuamrisha. Siku ile kotabeki wa Minnesota alikuwa Sandy Stephens na wa Iowa alikuwa Wilburn Hollis. Weusi wote wawili, katika mechi kubwa kuliko zote za msimu ule, miaka 25 tu baada ya nguruwe kutolewa ili watu wasipigane juu ya Simmons. Minnesota ilishinda 27 kwa 10 na ikatangazwa bingwa wa taifa. Ndugu yangu, nikiisoma habari hii huwa nasimama kidogo. Sisemi mambo yalikwisha hapo. Stephens alipotaka kuendelea na nafasi yake katika ligi za kulipwa alikosa timu ya kumpa, akaenda kucheza Canada. Lakini wewe uliyeniuliza kama utakuwa mgeni pale, jibu langu ni hilo. Waliotangulia wanaofanana nawe walijenga sehemu ya mchezo huu. Kaa kwenye kiti chako.

Haya, tuje kwenye maandalizi, maana dada asiyezungumza habari za koti si dada.

Mechi hii miaka ya shufwa huchezwa Minneapolis, na uwanja wa chuo hauna paa. Msidanganywe na jua la dirishani. Vaa nguo za ndani za joto, soksi mbili, kofia ya kufunika masikio. Rangi za Minnesota ni damu ya mzee na dhahabu, za Iowa ni nyeusi na dhahabu, kwa hiyo ukivaa koti lako jeusi na skafu ya njano utakumbatiwa na watu wasio wako. Tafuta kitu cha damu ya mzee, hata mtumba. Begi lako liwe lile la plastiki linaloonyesha kilichomo, vinginevyo litabaki mlangoni. Gari acheni nyumbani. Treni ya Green Line inakushusha Stadium Village, mlango wa uwanja uko karibu.

Wale mnaofanya kazi nyumba za wazee, badilishaneni shifti mapema. Najua Jumamosi ina malipo mazuri na nyumbani wanasubiri ada. Lakini usikubali kutoka shifti ya usiku ukaenda moja kwa moja uwanjani, kisha ukarudi kazini jioni ile ile. Mzee unayemhudumia anahitaji mtu aliyelala. Kama hupati wa kubadilishana naye, mechi utaitazama kwenye televisheni na hutakuwa umepungukiwa kitu.

Kabla ya mechi watu huchoma nyama kwenye maegesho ya magari. Mtakaribishwa, na ukarimu wao ni wa kweli. Soseji nyingi huwa za nguruwe, kwa hiyo ndugu zangu Waislamu ulizeni bila haya. Swali hilo halimuudhi mtu. Pombe nayo itakuwapo. Sheria ni miaka 21, na mwenye viza ya mwanafunzi ana jambo la ziada la kuogopa: kukamatwa unaendesha gari umelewa kunaweza kukufutia viza hata kabla mahakama haijasema neno. Mwenzako Mmarekani atalipa faini, arudi darasani. Wewe unaweza kurudishwa kwenu ukiwa na nusu ya shahada. Naomba mnisikie hapo.

Na dau waachieni magavana. Iowa imeruhusu kubeti michezo kisheria tangu 2019, na tangazo litakufuata kwenye simu. Karo haichezewi.

Kuhusu kushangilia, piga kelele mpaka sauti ikauke, lakini usimtukane mtu wa Iowa. Kule kwao, jirani na uwanja wa Kinnick, kuna hospitali ya watoto, na tangu 2017 robo ya kwanza inapoisha uwanja mzima hugeuka na kuwapungia mkono watoto wagonjwa walioko madirishani juu. Wachezaji wa pande zote mbili hupunga, na waamuzi pia. Mwaka ambao mechi iko Iowa City, jipangeni kwenye gari moja mwende mkaone, ni mwendo wa saa tano hivi. Iowa City nayo ina Wakongomani wengi, mtapata wa kusemeshana naye Kiswahili.

Mmeniuliza pia nani atashinda. Nguruwe yuko Iowa. Mwaka 2025 waliifunga Minnesota 41 kwa 3, na kabla ya hapo, mwaka 2024, walikuja hapa hapa wakashinda 31 kwa 14. Kocha wao Kirk Ferentz yuko pale tangu 1999 na mchezo wake haujabadilika: ulinzi mgumu, mateke ya mbali, subira. P. J. Fleck wa Minnesota yuko tangu 2017 na amelipata lile sanamu mara moja tu, mwaka 2023, 12 kwa 10, bila timu yake kuvuka mstari hata mara moja. Pointi zote 12 zilitoka kwa mateke manne. Zikiwa zimebaki dakika mbili hata hazijatimia, Cooper DeJean wa Iowa aliuchukua mpira wa teke la mbali la Minnesota akakimbia mpaka mwisho, watu wakaanza kusherehekea, kisha waamuzi wakaangalia picha na kusema alitoa ishara ya kupunga mkono kabla ya kuuchukua, hivyo kwa sheria mbio zake hazihesabiki. Kwa hiyo msiondoke mapema kuwahi treni, hata kama mikono imekufa ganzi.

Vipigo viwili vya mwisho havinitishi sana. Ukitazama 2021, 2022 na 2023, tofauti ilikuwa pointi 5, kisha 3, kisha 2, na hiyo ndiyo sura halisi ya mechi hii. Minnesota isipopoteza mpira mapema ikawapa Iowa yadi za bure, mpaka robo ya nne hakuna atakayekuwa ameketi. Mimi nasema 17 kwa 16, na nguruwe alale Minneapolis.