Tarehe 12 ya Mfunguo Sita: Mambo Matatu Katika Siku Moja

Bismillahi r-Rahmani r-Rahim

Mtu wa Pwani aliyezoea Maulidi ya Lamu, au ya Tanga, au ya Unguja, akisafiri mpaka Unyambwa, kata iliyo katika Manispaa ya Singida, ataona nchi isiyofanana na kwao. Wenyeji wengi ni Wanyaturu, watu wa kulima mtama, uwele, mahindi na alizeti, na kufuga ng'ombe. Mvua yao ni ya msimu mmoja tu, huanza kiasi cha Novemba au Desemba, ikakoma kiasi cha Aprili. Na mwenye kupitwa na siku za kupanda hana mvua nyingine ya kumfidia. Basi ikiwa tarehe 12 ya Mfunguo Sita imemkuta mgeni huyu huko, naye akawaona Waislamu wenziwe wamekwenda shambani tangu alfajiri, wala hakuna aliyekaa mkekani na kitabu cha Barzanji, huenda akasema moyoni mwake: watu hawa wameipoteza siku. Somo hili ni la kumjibu.

Mfunguo Sita ndio mwezi wa Rabiul-Awwal, nao umeitwa hivyo kwa kuwa ni wa sita tangu watu kufungua saumu ya Ramadhani. Wengi hudhani kwamba tarehe yake ya 12 ina jambo moja. Nayo, kwa kauli mashuhuri, ina mambo matatu.

La kwanza ni kuzaliwa kwake Mtume Muhammad, sala na salamu zimshukie. Alizaliwa Makka katika Mwaka wa Ndovu, kiasi cha mwaka 570 wa Miladi. Kwamba siku yenyewe ilikuwa Jumatatu ni jambo lililothibiti, kwani katika Hadithi aliyoipokea Muslim, Mtume aliulizwa juu ya kufunga Jumatatu, akajibu kuwa ndiyo siku aliyozaliwa. Ama tarehe, wanavyuoni wamekhitalifiana. Ibn Is-haq alisema 12, na wengine wakasema 8 au nyingineyo. Na katika karne ya 19 Mahmud Pasha, mtu wa Misri na bingwa wa elimu ya nyota, alipiga hisabu akapata tarehe 9, sawa na Aprili 20, 571.

La pili ni kufika kwake katika nchi ya Madina. Aliwasili Quba siku ya Jumatatu, mwezi wa Septemba, mwaka 622, baada ya kuiacha Makka, nchi aliyoipenda. Na hapo Quba ukajengwa msikiti.

La tatu ni kufa kwake, Jumatatu vilevile, mwaka wa 11 wa Hijra, yaani Juni 632. Siku ile Umar alikataa kusadiki kwamba Mtume amekufa, hatta Abu Bakr akasimama mbele ya watu akawakumbusha kuwa Muhammad amekufa, bali Mola anayeabudiwa ni Mwenye uhai asiyekufa. Kisha akawasomea aya ya 144 katika Sura ya Aali Imran. Na siku ile ile Abu Bakr akapewa baia.

Hapa lazuka suala: siku yenye kuzaliwa na kufa ndani yake, ni ya furaha au ya msiba? Al-Fakihani, mwanachuoni wa Kimaliki, aliyapinga Maulidi, na katika hoja zake alisema kuwa mwezi aliozaliwa Mtume ndio aliokufa, basi furaha haina haki zaidi ya huzuni. Imamu Suyuti, aliyekufa mwaka 1505, akamjibu kuwa sharia imeamrisha kudhihirisha shukrani kwa neema, kama inavyochinjwa akika kwa mtoto aliyezaliwa. Ama msibani imeamrisha subira na kunyamaza, wala haikuamrisha kuchinja wala sherehe. Hoja hizi mbili zimesomwa miaka mingi, na wenye kufuata hii na wenye kufuata ile wote ni Waislamu.

Walakini hatta hao walioyapenda Maulidi hawakuwa watumwa wa tarehe. Muzaffar ad-Din, mtawala wa Irbil aliyekufa mwaka 1233, alikuwa mashuhuri kwa Maulidi yake makubwa. Naye, kwa khabari ya Ibn Khallikan, mwaka mmoja aliyafanya tarehe 8 na mwaka mwingine tarehe 12, kwa ajili ya ile khitilafu.

Na Masahaba je? Umar alipotaka kuwawekea Waislamu hisabu ya miaka, katika mwaka wa 17 wa Hijra, hakuanza kwa kuzaliwa wala kwa kufa, bali kwa kuhama. Kuzaliwa na kufa ni mambo yanayompata kila mtu bila ya hiari yake. Kuhama ni tendo, nalo ndilo walilolifanya mwanzo wa tarikhi yao.

Sasa na arejewe mtu wa Unyambwa. Neno Rabi' kwa Kiarabu ni majira ya malisho mabichi. Zamani Waarabu walikuwa wakiiahirisha miezi wapendavyo, Qurani ikalikataza jambo hilo katika Sura ya Tawba, aya ya 37. Tangu hapo mwaka wa Kiislamu ni miezi 12 ya kuandama, siku 354 au 355, nao hupungua kwa siku 11 hivi katika mwaka wa jua. Jina la malisho likabaki, majira yakaliacha. Mwaka 2000 tarehe hii iliangukia Juni, wakati wa mavuno Singida. Mwaka 2015 ilikuja mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena karibu na mwisho wa Desemba, mimea na mbegu zikingojea mkono wa mkulima. Mwaka 2024 na 2025 iliangukia Septemba, ardhi ikiwa kavu na watu wana nafasi. Kiasi cha kila miaka 33 huwa imeyazunguka majira yote. Basi mkulima huyu hukutwa na siku moja katika hali mbalimbali, wala hawezi kuipokea kila mwaka kwa namna moja.

Na njia ipo. Usiku wa Kiislamu hutangulia mchana wake. Mwenye kutaka kusoma Maulidi husoma baada ya Isha, usiku wa kuamkia tarehe 12, na asubuhi jembe lake likawa shambani. Wala kuyasoma si faradhi kwa kauli ya yeyote. Faradhi ya siku hiyo ni zile sala tano. Mwenye kuzisali kwa wakati wake, akalima ili watoto wake wasiombe, akamsalia Mtume hali ameinama juu ya mtaro, hakuipoteza siku. Aliyeipoteza ni yule aliyekula pilau ya Maulidi, akalala, Alfajiri ikampita.

Na mgeni wa Pwani aliyedhani vibaya juu ya wenyeji wake, naye ana la kuhama: na aihame dhana yake.

Masuala ya kujaribia:
1. Taja mambo matatu ya tarehe 12 Mfunguo Sita, na mwaka wa kila moja.
2. Al-Fakihani alitoa hoja gani, na Suyuti alimjibu nini?
3. Kwa nini hisabu ya miaka ilianza kwa Hijra?
4. Kwa nini siku hii huja Unyambwa mara wakati wa kupanda, mara wakati wa kuvuna?

Wallahu aalam.