Shangazi Anajibu: Insha ya Bao la Babu

Babu alinifundisha bao barazani. Miaka yake ya mwisho aliniita kwa jina la dada yake, lakini mchezo haukumtoka. Nimeyaandika hayo katika insha ninayokuletea. Jarida moja la nje linanunua insha za maisha kuhusu michezo na mafumbo. Jingine linataka kwanza nitume dola 25 ili wanisome. Baba mdogo anasema nauza aibu ya marehemu. Nifanyeje?
Mjukuu, Tanga

Pole kwa kuondokewa na babu.

Hizo dola 25 usitume. Unatafuta kulipwa, si kulipa. Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola hupokea Kiswahili na haitozi ada, ila ni ya hadithi za kubuni, na yako ni ya kweli. Wale wa jarida la kwanza waulize kwa maandishi: wanalipa wakishaikubali insha, au mpaka itoke? Wananunua haki ya kuichapa mara ya kwanza tu, au haki zote? Ukiwapa zote, siku ukitaka kuitia kitabuni itabidi uwaombe ruhusa ya kumsimulia babu yako mwenyewe.

La baba mdogo ndilo zito. Insha uliyoniletea nimeisoma mara mbili. Aya tatu nzima unaeleza mashimo 32, kete 64, zile 22 za kunamua, kisha mtaji. Ni sahihi, lakini hayo hata mimi ningeweza kuyaandika. Halafu, kwa mstari mmoja tu, babu anakutazama kama mgeni, anakuuliza wewe mtoto wa nani, na papo hapo mkono wake unatia kete shimoni na kuila nyumba yako yote. Mwanangu, hapo ndipo nilipolia. Anzia hapo, ukae hapo, na maelezo ya mchezo yapunguze yabaki robo.

Ile sentensi ya kanzu iliyolowa ifute. Hapo baba mdogo ana haki. Babu asingependa mtu yeyote ajue.

Fedha pokea bila kuona haya. Hata fundi aliyelichonga lile bao alilipwa.

Ila kabla ya kutuma, nenda kwa baba mdogo jioni, umsomee yote kwa sauti. Huenda naye alifundishwa kwenye baraza ileile. Uende na bao.