Somo la Kikundi: Kuchapa Majani kwa Jua



Kina mama wa kikundi kimoja hapa Sosiot waliniuliza: "Mwalimu, tutoe pesa za akiba tununue dawa za kuchapa kadi za buluu?" Nikawajibu, tujifunze kwanza, ndipo tufungue sanduku.

Kazi hii ni ya zamani. Mwaka 1842 Mwingereza John Herschel aligundua kwamba dawa fulani zenye chuma, zikipakwa kwenye karatasi na kupigwa na jua, hugeuka buluu. Mwaka 1843 mama mmoja, Anna Atkins, akaanza kutoa kitabu cha picha za mwani alizochapa hivyo. Sisi wa milimani hatuna mwani, lakini tuna majani ya mgrevilea, makangaga ya kando ya mto, na sinendet tunayowavisha washindi.

Hatua za kufuata

1. Laza mimea kati ya magazeti, weka mawe juu. Badilisha magazeti kila siku mpaka ikauke. Mimi nilitumia jani bichi, likatoa maji na kuharibu karatasi.
2. Yeyusha gramu 25 za feriki amonia sitreti katika mililita 100 za maji. Katika chupa nyingine yeyusha gramu 10 za potasiamu ferisianidi, maji ni hayo hayo.
3. Ndani ya chumba chenye giza, changanya vipimo sawa. Paka kwenye karatasi nzito, iache ikauke humo humo gizani.
4. Weka jani juu, funika kwa kioo, toa juani kama dakika 10. Fanyeni asubuhi, maana mchana mvua yetu haipigi hodi.
5. Suuza kwa maji matupu mpaka umanjano uishe. Palipofunikwa na jani patakuwa peupe, kwingine buluu. Usitumie sabuni wala magadi, rangi itapotea.

Tahadhari

Vyombo vya kazi hii visirudi jikoni kamwe. Vaeni glavu, fungieni dawa mbali na watoto. Potasiamu ferisianidi isikaribie moto wala asidi ya betri, kwa sababu hutoa gesi ya sumu. Maji ya kusuuzia yasimwagwe mtoni.

Hesabu

Tuseme mmetumia shilingi 600 kwa dawa, karatasi na nauli. Mmechapa kadi 20, lakini 5 zimeharibika. Wengi watasema kila kadi imegharimu shilingi 30. Sivyo! Zinazouzika ni 15, kwa hiyo kila moja ni shilingi 40, na bado hamjahesabu jasho lenu. Mkiuza kwa 35 mnacheka huku sanduku linalia.

Nyuma ya kadi andikeni jina la mmea kwa Kikipsigis. Waulizeni nyanya zetu, wao ndio wanayajua, na vijana wetu wanayasahau.

Maswali ya kujadiliana

- Nani atanunua kadi zetu? Tumemuuliza?
- Nani atatunza ufunguo wa dawa?
- Tukipata hasara, ni kiasi gani tunaweza kuvumilia?

Wale kina mama walijadiliana mpaka jioni. Mwishowe kila mmoja alichanga kidogo kwa majaribio, na akiba ya karo za watoto ikabaki sandukuni. Nanyi anzeni hivyo hivyo.